Raba

Niligundua kwa ndara.
Ya kushoto nzima. Ya kulia imeliwa kisigino
hadi sakafu naiona kupitia tundu.
Nikamuuliza Matano: mguu mmoja watembea kuliko mwenzake?
Akacheka, macho yakamponyoka
yakaenda ukutani, ilikoegemea baiskeli.

Baiskeli ya milima, eti.
Ilishuka na kontena, na magodoro, na friji zisizogandisha,
milima yake ikabaki huko huko.
Sisi wa Likoni mlima tunao mmoja:
ule mteremko wa kushukia feri,
lami iliyong'arishwa kwa nyayo,
na chini yake maji, hayaombi radhi.
Hapo ndipo mwanangu hupita kila alfajiri,
ndoo ya mahamri nyuma, yangali moto,
kisigino kimekandamiza tairi.

Na mimi ndiye nimtumaye.

Alikuwa ameniomba raba.
Za skuli, nyeupe, za kamba, kama za wenzake.
Nikamwambia, mwisho wa mwezi.
Mwisho wa mwezi nikavuka hadi Mwembe Tayari
nikanunua raba: nne, nyeusi, fupi kama vidole vya mtoto.
Kassamali akazifunga kwa gazeti.
"Mwambie fundi azielekeze pua ndani kidogo,
la sivyo zitapiga kelele."
Sikumwambia fundi ni nani.

Spana namba kumi niliazima kwa Nyamvula,
ya cherehani yake, akataka irudi kabla ya magharibi.
Nikaipindua baiskeli uani, magurudumu juu,
kama mbuzi anayesubiri kuchunwa.
Raba za zamani hazikuwa raba tena:
chuma kitupu, kikikwangua rimu.
Nilipobana mkono wa breki
ukaenda hadi kwenye usukani bila kukutana na mtu.
Waya umetatuka, uzi mmoja ukanichoma
kidole kile kile cha kuonjea sukari ya unga.
Springi zimeshikana kwa kutu.
Chumvi ya pwani hii hukolea hata chuma.
Nikazisugua kwa mafuta ya taa
na mswaki wa Matano, ambao kwa vyovyote
haukuwa ukifanya kazi nyingi.

Sasa raba mpya. Isipande kwenye tairi,
isiteleze kwenye spoki, iume rimu tu,
na iache mwanya wa kupita shilingi kumi.
Mara ya kwanza nilikaza, gurudumu likagoma.
Mara ya pili waya ukaponyoka natini.
Nilitukana. Tusi la baba yangu, sikujua ninalo.
Mara ya tatu nikamwita Mwanakombo, ana miaka sita,
azibane raba kwa viganja, nami nivute waya kwa koleo,
"Usiachie, usiachie, usiachie,"
na natı ikauma.

Saa kumi usiku, kabla foleni haijaanza,
nikajifunga leso kiunoni, nikaipanda mwenyewe.
Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Mteremko ukanipokea, ukanivuta, upepo ukaingia doti yote,
nikaanza kuyaona maji yakinijia,
nikajua, basi, hivi ndivyo kila siku anavyoyaona,
kwa ndara.

Nikabana.

Mlio ulioutoka pale, sijapata kuusikia.
Kama bata aliyekanyagwa harusini.
Mlinzi wa kivuko akaruka na tochi: "Nani huyo?"
"Mamake Matano," nikasema, mguu mmoja chini,
hatua tatu na mnyororo.

Mtoto ananinunia. Raba za skuli bado,
na baiskeli yapiga kelele, wasichana wa mtaa wanageuka.
"Mama, zinyamazishe. Kassamali anasema ni kuzielekeza pua tu."
Namwambia spana ni ya watu.

Saa mbili asubuhi, nikikuna nazi,
nausikia mlio kona ya msikitini, halafu kwa muuza makaa,
halafu mlangoni.
Nampakulia chai.
Jinsi ya kuzinyamazisha naijua. Sijasahau.