Mkono wa Tatu

Dalali Singano alikuja na kalamu sikioni,
akagonga ukuta kwa kidole kama achaguaye nazi,
akasema: nyumba nzuri, ila ina maneno.

Alikusudia yale mekundu, ubavuni,
upande utazamao Barabara ya Kumi na Nne,
herufi kubwa, zimesimama kama watoto wa gwaride:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Z yenyewe imegeuka, inatazama ilikotoka,
maana mama alijifunza kuandika ukubwani,
jioni, kwenye kisomo cha ngumbaro,
na Z, alikuwa akisema, haina adabu,
ukiipa kisogo inahama.

Aliandika eda haijaisha,
wiki ile ami yetu alipoonekana uani
na mgeni mwenye futi kamba,
wanapima bila hodi.
Hakugombana. Alinituma kwa mafundi baiskeli
nikanunue masalia ya rangi, nusu kopo,
na usiku akatoka, amejitanda kaniki,
mimi nimeshika kandili, mkono unanichoka,
naye ananiambia: inua, inua, nisije nikakosea nyumba.

Sasa mwenye nyumba hayupo.
Mbwana anatuma sauti kutoka Muskati:
uzeni, mimi sirudi, ila msiuze kwa hasara.
Mwanatumu anataka fungu lake kabla shule hazijafunguliwa.
Mimi niliyebaki Ngamiani
ndiye niliyebaki na ndoo.

Nimekwangua masizi ya jikoni
mpaka ukuta ukatoa samawati
ambayo hakuna kati yetu aliyejua ipo.
Nimenunua koki mpya, inang'aa kama jino la dhahabu
katika kinywa cha maskini.
Kisima nimekifunika. Paka nimemhamisha mara mbili,
mara mbili amerudi.
Mama Shekue, mpangaji wa chumba cha kushoto,
ameondoka na cherehani yake kwenye mkokoteni,
na pale ilipokaa miaka kumi na tisa
saruji imelika mashimo manne,
na ndani ya ufa, pini, pini, pini.
Ziba, akasema dalali.
Nikaziba, na pini humo humo.

Jumatatu fundi Kilua akapiga mkono wa kwanza.
Maneno yakawa waridi.
Jumatano, mkono wa pili:
yakafifia, lakini ukisimama ng'ambo ya barabara
unayasoma bila miwani.
Fundi akatema mate pembeni.
Nyekundu hii ina mafuta, alisema, haisikii chokaa.
Nami kimya, nikihesabu:
mikono miwili ya fundi
kwa mmoja wa mama.

Mkono wa tatu niliulipia mwenyewe,
fedha niliyokuwa nimeiweka ya hitima.
Ijumaa ukuta ukawa mweupe, mweupe kabisa,
mweupe wa nyumba isiyomjua mtu.
Watu wakitoka msikitini walipunguza mwendo.
Mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, saa kumi alasiri,
mtu wa Muheza, mpole, viatu vimefutwa.
Akafungua koki, akafunga. Akasifu samawati.
Kisha jua likalala ubavuni mwa ukuta
na ile Z, peke yake, ikajitokeza,
imegeuka vile vile, inatazama ilikotoka,
kama mshipa chini ya ngozi.

Na hii?
Dalali akakohoa. Akanitazama.
Unyevu, nikasema. Unyevu tu.

Akaigusa kwa kidole gumba, akanusa,
akatikisa kichwa kwa huruma ya mfanyabiashara,
na kwa ajili ya unyevu huo
akakata milioni mbili.

Nilikataa.
Sikujua kama nitakataa, lakini nilikataa,
na nikasikia mkono wangu unauma,
ule ule, begani,
kama niko nje usiku
na kuna mtu ananiambia: inua.