Mizani ya Msalato

Jumamosi. Upepo wa Agosti unavuruga vumbi la mnada,
nami nimesimama kando ya mzani, kalamu sikioni,
nikisoma tarakimu nyekundu kwa sauti:
mia mbili arobaini. Mia tatu na kumi. Anayefuata!
Ng'ombe hupanda, hutikisa mkia, hukojoa, hushuka.
Mkojo nao una kilo zake;
wachuuzi wajanja hungoja utoke kwanza.

Leo amekuja mwalimu Chilongola, mstaafu,
na ng'ombe mmoja wa kijivu,
pembe moja imepinda kulielekea jicho.
Alitufundisha darasa la saba, kule Mundemu.
Alisema hakuna kingine ila maada:
radi ni maada, wazo ni maada,
kilio cha mama msibani ni maji na chumvi.
Wazazi walimshitaki kwa mchungaji.
Neno lake lilikuwa uyakinifu.
Sisi tulisikia yakini,
tukadhani ni ugonjwa wa mtu asiye na shaka.

Nyuma yake kwenye foleni, Ndahani wa viwanja.
Tangu serikali ihamie huku
ameipima Iyumbu kwa hatua za viatu vyake.
Nyumba tatu, ya nne inangoja vigae,
na kila Jumapili husimama kanisani kushuhudia:
dunia tunapita, roho ndiyo mali.

Nimewatazama wawili hawa hadi nikasahau kuandika.
Asemaye vitu ndivyo vyote
ana mashati mawili, na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Asemaye vitu si kitu
akiuza ng'ombe, huifungua kamba shingoni arudi nayo.

"Mia moja themanini na nane."
Mwalimu anainama, ananong'ona kitu kwa Kigogo
kwenye sikio la yule ng'ombe. Jina, nadhani.
Namtania: Mwalimu, jina halina kilo.
Naye, bila kucheka:
"Jina ni pumzi. Pumzi ni hewa. Hewa ina uzito.
Mzani wako tu ndio haujasoma."

Akahesabu noti mara mbili, akazisokomeza kwenye soksi.
Za figo za mjukuu, akasema,
na figo, binti yangu, hazijazwi kwa maombi wala kwa hoja.
Akaenda bila kugeuka.
Ng'ombe ndiye aliyegeuka.

Jioni, moshi wa nyama umebaki peke yake uwanjani.
Nikapanda mzani mwenyewe: sitini na nne.
Nikavua viatu na vumbi lake: sitini na tatu.
Nikasimama kimya, nikatafuta jina la kutamka,
la marehemu bibi, aliyenilea kwa uwele na mlenda
na hakuacha hata kijiko.
Nililitamka polepole.
Tarakimu ya mwisho ikacheza.

Huenda ni upepo.
Mlinzi akanipigia kelele nishuke,
anataka kuzima jenereta.