Lita Tatu kwa Sekunde

Mali bila daftari hupotea bila habari:
tuliimbishwa hivyo shuleni, tukadhani ni mambo ya dukani.
Ercilia Choque wa Turipa, jangwani Atakama,
hakuwahi kuisikia. Daftari lake lilikuwa mfereji,
mawe yaliyopangwa na babu wa babu yake,
na zamu: Jumanne alfajiri ni ya kwao,
Jumanne jioni ya kina Liendro,
na anayeiba zamu hazikwi na wengi.

Kisha sheria ikaja na kisu chembamba,
ikapasua pale ambapo hakuna aliyejua pana mshono:
shamba huku,
maji kule.
Shamba likabaki kwa Ercilia.
Maji yakaandikwa, lita tatu kwa sekunde,
kwa jina la kampuni ya shaba.

Mahakamani feni ilikuwa mbovu.
Mtaalamu wa uchumi, Daktari Osandón, kijana mpole,
alisimama na chati. Lita moja kwenye alfalfa, alisema,
huzaa peso kadhaa; kwenye shaba, mara mia nne.
Kitu kiende kwa anayekithamini zaidi.
Jaji akauliza: tutamjuaje?
Kwa anachoweza kulipa, mheshimiwa.

Ercilia akanyoosha kidole kama mwanafunzi.
"Mimi nikiyakosa nakufa. Hiyo ni peso ngapi?"
Karani hakujua aiandike safu gani.

Sitaki kumsingizia jaji. Alikesha mpaka macho yakaiva;
alitafuta neno "kiu" katika sheria, asilipate.
Alichokipata ni "mwenye hati".
Hukumu ilikuwa kurasa arobaini na moja, na ilikuwa sahihi
jinsi mizani ya muuza sukari ilivyo sahihi:
hupima kilichowekwa juu yake.

Kwetu, maji na mali vinatengana kwa herufi moja.
Kule, kwa muhuri mmoja.

Siku hizi lori huja Alhamisi
kujaza mapipa mawili ya buluu, hisani ya kampuni.
Dereva humpa kitabu atie sahihi.
Haya, sasa ana daftari.

Na Agosti walishuka tena na majembe, kijiji kizima,
wakazibua mfereji, wakang'oa magugu yaliyokwisha kufa yenyewe.
Mkaguzi akasimamisha gari, akauliza wanasafisha nini,
mbona humu hamna kitu.
Ercilia hakuinua kichwa.
"Jumanne," alisema. "Ni zamu yetu."