Katibu wa Kikundi cha Nakala

Chama kina vikundi kazi saba, sisi ni cha nne.
Vingine vina majina ya kujipamba:
Maadili, Mafunzo, Uhusiano na Serikali.
Sisi ni Nakala Rudufu. Watu watano,
na wa tano ni Okiring, aliye Soroti,
ambaye tunamjua kama sauti inayokatikakatika
ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye birika.

Tunakutana Mbale, Jumamosi,
nyuma ya duka la saruji la shemeji yake Wamimbi,
saa nne, yaani saa tano na nusu.
Posho hakuna. Liliandikwa mwanzo kabisa,
aya ya kwanza, nikalipigia mstari:
nauli yako, chai yako, na ndizi ya kuchoma
utainunua pale nje kwa mkono wako.

Juma zima tumeshinda tukichunga vitaa vya kijani,
Khainza vya hospitali, Mugide vya ushirika wa kahawa,
mimi vya chuo cha walimu.
Mfumo ukitembea, wakubwa wanauliza tunalipwa kwa kazi gani.
Ukisimama, wanauliza swali lilelile.

Basi Jumamosi tunafuata nini?
Nilimuuliza Mugide. Alikuwa anamenya karanga.
"Hapa nikisema diski imekufa," akasema,
"hakuna anayeniambia nizime, niwashe tena."

Miezi minane tuliandika Mwongozo.
Vikao vitatu vilizama katika neno moja:
nakala *lazima* ijaribiwe kila mwezi, alitaka Khainza;
*inashauriwa*, alitaka Wamimbi, tusije tukaonekana wakali.
Saruji ikatukaa kooni, chai ikapoa,
mpaka birika likasema:
"Mwandikieni mtu mwenye usingizi,
saa tisa za usiku, peke yake, simu ya bosi inaita."
Tukanyamaza.
Nikaandika *lazima*.

Aprili radi iliteremka kutoka Wanale
ikapitia waya, ikaingia kompyuta ya Wamimbi,
na ndani yake Mwongozo, kurasa thelathini na moja.
Nyingine iko wapi?
Nilidhani unayo wewe.
Mimi nilidhani anayo katibu.
Katibu akatazama dari.
"Mganga hajigangi," alisema shemeji, akipima misumari,
wala hakucheka, na hilo ndilo lililouma.

Okiring alikohoa kule kwenye birika.
Januari, alisema, kuna binti wa zahanati moja Kumi
alimwomba rasimu, akamchapishia,
kisha akaifuta. Nafasi ilikuwa imejaa.

Nikaenda Kumi.
Chumba cha seva kilikuwa stoo ya magongo na machela,
feni moja, dirisha limezibwa kwa gunia.
Mwongozo wetu ulining'inia msumarini kwa uzi wa viatu,
pembe zimekunjamana kama masikio ya mbwa mzee.
Ukurasa wa kumi na tisa, *lazima* imezungushiwa wino mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko wa kubana, tarehe:
mbili Februari, nimejaribu. Mbili Machi, nimejaribu.
Mbili Aprili, imegoma, nimerudia, imekubali.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Sikujua pa kuweka mikono.
Ukurasa wa ishirini na tatu aliandika:
*Hapa mmekosea. Amri hii haihifadhi, inafuta.*
Alikuwa sahihi. Amri ile niliichapa mimi.

Anaitwa Asekenye. Alisomea uhasibu,
seva alikabidhiwa kwa sababu meza yake ilikuwa karibu nayo.
Nilimwambia tunatafuta mtu wa sita.
Akauliza kama kuna posho.
Nikafungua aya ya kwanza, nikamwonyesha.
Akacheka hadi akashika machela,
akauliza kikao kinaanza saa ngapi.

Saa nne, nikasema.
Kisha nikaona haya, nikamwambia ukweli.