Kabla ya Siku ya Kuhama

Kitanda kitashuka mchana, watu wakiona.
Meza, masufuria, jiko la mkaa lililotoboka ubavu,
hayo ni ya Mabatini, acha wayahesabu.
Malugu na vijana wake watayabeba vichwani
toka huku mwambani hadi pale guta linapokomea,
na kila mlango tutakaoupita
utakuwa na mtu aliyekumbuka ghafla kufagia.

Lakini yale mengine nilianza kuyahamisha Jumatatu,
moja moja, ndani ya ndoo ya dagaa.
Nani aulize? Miaka tisa nashuka nayo
alfajiri kwenda Mwaloni,
napanda nayo jioni nikinuka ziwa.
Watu huisalimia ndoo kabla yangu.

Jumatatu nilishusha barua za Kwilasa,
zote kumi na moja, na ile ya kumi na mbili
niliyoiandika mimi, sikuituma.
Jumanne sweta ya njano, ndogo,
mikono yake haijawahi kupitisha mkono.
Niliikunja ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko,
mfuko chini ya dagaa kilo mbili,
nikaomba radhi, sijui kwa nani.
Jumatano cheti cha kidato cha nne.
Kwetu wanajua nilifaulu.

Pale Mwaloni aliyechungulia ni korongo tu,
yule mwenye upara na koo la kuning'inia;
aliinamisha kichwa kama karani wa benki
anayetilia shaka sahihi.
Nikamfukuza kwa kandambili.
Kisha nikashika njia ya Kitangiri,
ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.
Nikaweka, nikafunga, nikarudi kuuza.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kopo.

Kopo nililibandua karatasi zamani.
Ndani vidonge, kimoja kila saa tatu usiku,
na vidonge vina mdomo: ukilitikisa kopo tu
vinakusema mbele ya wageni.
Nilijaza pamba. Hata hivyo kuna ule muda,
pamba imetoka, kidonge hakijapita kooni,
ambapo kilima kizima kinatega sikio.

Ukuta wetu ni mmoja, wa matope.
Saa tatu hiyo hiyo, upande wa pili,
Mama Nyanjige hufungulia redio mpaka bati litetemeke:
kwaya, mpira, matangazo ya vifo, chochote.
Mara mbili nimemshtaki kwa mwenye nyumba.
Nahama kwa sababu nyingi. Redio imo.

Jumamosi, kamba zimeshakazwa,
akaja na karanga kwenye gazeti, akanishika kiwiko.
"Huko uendako, jirani ana redio?"
"Ashukuriwe Mungu, hana. Ni mzee, analala mapema."
Akanitazama. Akakaza kanga kiunoni.
"Basi nunua ya kwako," akasema.
"Hata ndogo. Ya saa tatu tu."
Akarudi ndani, ugali wake usiungue.

Nilicheka njia nzima mpaka Kirumba.

Usiku, Kitangiri. Kuta za tofali.
Ziwa linalamba mawe bila haraka,
mzee wa pili anakohoa mara moja, basi.
Saa tatu nafungua kopo, natoa pamba,
na vidonge vinalia ndani ya chumba kitupu
kama kayamba lililoanguka kanisani.

Mkono ukabaki hewani.

Miaka minne. Kila siku.
Hata usiku ule aliofiwa na mdogo wake,
nyumba imejaa waombolezaji, mikeka mpaka nje,
redio iliwaka saa tatu, dakika mbili, ikazimwa,
na mimi huku, maji mdomoni, nikasema moyoni:
mtu gani huyu, hajui hata msiba.

Nikameza.
Sweta inanuka dagaa. Barua zinanuka dagaa.
Pamba nimeitupa dirishani.
Kesho ndoo itapanda Mabatini, mchana, watu wakifagia,
na ndani yake, kwa mara ya kwanza wiki hii,
dagaa tu.