Utabiri, Kilembe

Redio ya Kyakimwa, betri zake zimefungwa kwa mpira,
inasema: Kasese, mvua kuanzia alasiri.
Kabale, ukungu hadi saa nne.
Milimani, theluji.

Theluji huitaja mwisho, harakaharaka,
kama jina la mgeni asiyelala kwetu.

Kumbe ndiye anayeshuka.
Akiyeyuka huitwa Nyamwamba,
na Nyamwamba mwaka ule alibeba jiko, mbuzi wawili,
na daraja tuliokuwa hatujamaliza kulisifu.

Kyakimwa anazima redio.
Anatazama juu: weupe mtupu,
ukungu au theluji, nani ajuaye.
Anaanua kahawa.
Kisha, bila neno,
anasogeza kitanda cha mtoto
mbali na ukuta wa mtoni.