Viti Mia na Ishirini

Ijumaa, Ruwi. Juni.
Saa mbili za asubuhi na vyuma vya geti tayari havishikiki.
Kazi yangu viti.
Mia na ishirini, vya plastiki, vilikuwa vyeupe zamani,
navipanga safu safu vikiitazama altare,
mimi Mbwana Shekiondo wa Pangani.
Siku ya kwanza waliniuliza: Wewe Mwislamu, utaweza?
Nikawajibu: Kiti hakina dini.

Amina ya mwisho ikishaitikiwa
navigeuza, navitawanya.
Pazia la kwaya linakuwa chumba cha kupimia,
mimbari inabeba boksi la glavu,
na Nesi Melania,
ambaye wiki nzima huhudumia wenye bima
kwenye hospitali yenye chemchemi ukumbini,
anakunja mikono ya gauni lake la ibada.

Mimi nakwenda kuswali, dakika tano kwa mguu,
ndala zikinata lami.
Nikirudi, foleni imeshazunguka jengo
hadi nyuma kwenye viyoyozi,
vinavyowapulizia maskini joto la ndani.

Mjenzi mmoja wa Kibangali hana lugha na sisi.
Ananyanyua glasi yangu ya chai ya rangi,
anaionyesha, kisha anaonyesha chini ya kitovu.
Daktari Kuruvilla anaelewa.
Mwezi mzima juu ya mapaa, maji chupa moja kwa siku.

Dama wa Ganze amekuja na mfuko wa vitunguu.
Amepewa nusu saa ya kwenda dukani.
Mkono ameuficha ndani ya leso,
hataki kuukunjua, anasema si kitu, ni pasi tu.
Pasi moja imemuunguza;
pasi nyingine imefungiwa kabatini kwa tajiri wake.
Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete, Mwomani wa hapa hapa,
anayekuja kila Ijumaa na birika lake la kahawa
kututafsiria Kiarabu cha mafomu,
akamsogelea kwa Kipemba chake kisichochuja:
"Mwanangu, wajificha n'ni? Mficha uchi hazai."
Leso ikafunguka.
Hakuna aliyesema neno.
Melania aliosha kile kidonda polepole
kama anayeosha uso wa mtoto aliyelala.

Saa tisa insulini ikaisha.
Bado wazee wawili, fundi cherehani na mlinzi.
Padre Anselmi akalimwaga kapu la sadaka mezani:
noti za baisa mia,
zimekunjwa ndogo ndogo, kwa aibu au kwa siri.
Zilikuwa za kupaka rangi ukuta.
"Ukuta utangoja," akasema, akihesabu kwa ulimi nje.
"Ukuta haugui sukari."
Mtu akatumwa duka la dawa, mbio.

Kisha Melania akanigeukia mimi.
"Mbwana, kaa."
Nina kazi.
"Kazi yenyewe si viti? Basi kaa kimoja."
Miaka sita nimevibeba.
Sikuwahi kujua kwamba vinayumba kidogo mguu wa kushoto.
Mashine ikanibana mkono, ikapumua.
Mia na themanini kwa mia na kumi.
Hakusema kitu. Akapima mkono wa pili.

Vidonge alinipa ndani ya bahasha ya zaka,
za karatasi zilikuwa zimekwisha.
Imeandikwa juu: Jina la mtoaji.
Mbele yake nukta, nukta, nukta, hapakujazwa.
Nilimfikiria mama, aliyeanguka jikoni Pangani
na ufuta mkononi,
tukasema ni jini.

Jioni nilivikusanya viwili viwili
badala ya sita sita, kama nilivyoagizwa.
Chini ya kiti cha safu ya tatu nikakuta kitunguu kimoja.
Nilikaa nacho mkononi kitambo.
Huenda kwao walivihesabu.
Nimekiweka dirishani, upande wa kivuli,
mpaka Ijumaa, akipewa tena nusu saa.